Pampu Kubwa, Valvu Ndogo

Tangu gesi ilipolipuka Mradi, Embakasi, usiku wa Februari 1, 2024, majirani zangu hapa Mbotela, Nairobi, wamekuwa makini na mitungi. Akina mama wanapaka povu la sabuni kwenye rejeleta kabla ya kuwasha. Vizuri sana. Lakini ukienda kando ya Barabara ya Jogoo, utakuta watu haohao wakingoja pikipiki ijazwe upepo huku wameegemea tangi la kompresa. Hewa haiwaki, wanasema. Mimi nilikuwa fundi wa boila Industrial Area hadi nikastaafu, na tangi lenye presha siliegemei.

Kinachonisumbua ni pampu. Fundi wa panksha huanza na pampu ya nguvu za farasi 3, inayosukuma hewa lita 300 hivi kwa dakika. Wateja wa matatu wakizidi, anafunga ya farasi 10, lita kama 1,000. Tangi ni lilelile, valvu ya usalama, ile inayotoa presha ikizidi, ni ileile. Ukimuuliza anakuonyesha maandishi kwenye valvu: paundi 120, na kweli inafunguka kwa paundi 120. Mzee, shida iko wapi?

Iko kwenye tundu. Valvu yenye tundu la milimita 3, kwa presha hiyo, hupitisha lita 500 hivi kwa dakika. Pale kwenye koo lake hewa tayari inakwenda kwa kasi ya sauti, na haiongezi mwendo tena. Swichi ya kuzima pampu ikigoma, lita 1,000 zinaingia na 500 zinatoka. Valvu imefunguka, inapiga mluzi mtaa mzima unasikia, na geji bado inapanda. Kabla kinachotoka hakijalingana na kinachoingia, presha inaweza kukaribia mara mbili ya paundi zilizoandikwa, ikiwa tangi lenye kutu halijapasuka kabla. Tundu la milimita 6 lingepitisha mara nne. Wala usipime kwa macho: valvu mbili zinazofunga kwenye mdomo uleule wa nusu inchi zaweza kuwa na matundu tofauti kabisa ndani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka tangi la hewa liwe na valvu ya usalama, tena likaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Ukaguzi ambao nimeushuhudia huishia kwenye geji, rangi na karatasi. Mkaguzi aulize pampu inasukuma lita ngapi na valvu inapitisha ngapi. Namba zote mbili zigongwe kwenye kibati cha tangi, na anayebadilisha pampu bila kuangalia valvu afungiwe mashine siku hiyohiyo.

Nitaambiwa nawanyanyasa vijana wa jua kali. Valvu inayotosha haifikii bei ya tairi moja la matatu. Kuna mwingine ambaye valvu ikivuja huing'oa na kuziba tundu kwa bolti. Huyo mimi sitamngojea mkaguzi. Nitamzimia mashine mwenyewe, anitukane akitaka.