Goma 2012, Goma 2025: Vichwa vya habari vinavyompoteza anayetafuta kwenye Google

"M23 yaingia Goma." Maneno hayo yalikuwa ya kweli tarehe 20 Novemba 2012. Yalikuwa ya kweli tena tarehe 27 Januari 2025. Kwenye skrini ya simu, vichwa viwili vya namna hiyo vinafanana kama mapacha, na mtu anayetafuta habari za jamaa zake hana muda wa kuchunguza ni yupi aliyezaliwa kwanza.

Hatari kubwa zaidi iko katika kichwa cha kinyume chake. Mwaka 2012 waasi hao walitoka mjini tarehe 1 Desemba, baada ya siku 11, na vyombo vya habari viliandika wakati ule, kwa haki kabisa, kwamba M23 imeondoka Goma. Habari hizo bado ziko mtandaoni. Familia iliyokimbia mwaka 2025 na kuandika kwenye simu "M23 kuondoka Goma" ingeweza kukutana na kichwa cha zamani kisicho na mwaka, kikitangaza jambo lililopita miaka 12 nyuma. Kutoka hapo hadi kufunga mizigo na kurudi nyumbani ni hatua fupi.

Ni kweli kwamba Google mara nyingi huweka tarehe karibu na matokeo yake, kwa herufi ndogo. Lakini kiungo kikitupwa katika kundi la WhatsApp la familia au la parokia, kinachoonekana ni picha, kichwa, jina la tovuti na pengine mstari mmoja wa maelezo. Tarehe inabaki nyuma. Katika nchi ambako mambo hutokea mara moja na kwisha, hiyo ingekuwa kasoro ndogo. Mashariki mwa Kongo mambo yale yale yanarudi katika miji ile ile. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Februari 2021 ikarudi upande wa Butembo, na Mei mwaka huo ikatangazwa kwisha kwa mara nyingine. Septemba 2025 ikatangazwa Kasai. Kichwa "Ebola yatangazwa kwisha Kongo" kinaweza kuwa cha mwaka wowote kati ya hiyo.

Kwa nini kichwa kina uzito kiasi hicho? Kwa mtambo wa kutafuta, kichwa ni moja ya alama za kwanza zinazoeleza ukurasa unahusu nini. Na kwa kweli kila ukurasa una vichwa viwili. Kuna kile ambacho msomaji anakiona juu ya habari yenyewe, na kuna kingine kilichofichwa ndani ya ukurasa, ambacho huonekana juu kabisa kwenye kivinjari na ambacho mara nyingi Google hukichukua na kukionyesha katika matokeo. Katika WordPress, programu inayotumiwa na tovuti nyingi za habari, mhariri asipogusa kitu, kichwa cha pili huwa nakala ya kile cha kwanza pamoja na jina la tovuti. Wengi hawajui hata kwamba kipo.

Agosti 2021 Google ilibadilisha namna yake ya kuchagua kichwa cha kuonyesha. Mwezi uliofuata, baada ya malalamiko ya wenye tovuti, ilieleza kwamba hutumia kichwa kilichoandikwa na tovuti yenyewe karibu mara 87 katika kila 100. Mara zinazobaki, mashine inachota maneno mahali pengine kwenye ukurasa. Inafanya hivyo hasa pale kichwa kinapokuwa kitupu, kimejazwa maneno yale yale yanayorudiwa, au kinafanana na vya kurasa nyingine zote za tovuti hiyo. Mwandishi asipoipa habari yake jina linaloeleweka, mashine itaipa jina lake yenyewe, na mashine haijui tofauti ya mji wa Beni na teritwari ya Beni.

Tofauti hiyo si ya wataalamu peke yao. Magazeti ya Kongo yana desturi nzuri ya zamani: kufungua kichwa kwa jina la mahali na nukta mbili. "Beni: ...", "Kivu Kaskazini: ...", "RDC: ...". Desturi hiyo ilikuwepo kabla ya watu hapa kuzungumza juu ya Google, na inaufaa mtambo wa kutafuta kuliko mapambo mengi yanayofundishwa leo katika semina. Lakini imebaki nusu. "Kivu Kaskazini: watu wauawa katika shambulio" haimsaidii dereva wa lori anayelala Butembo na ambaye kesho asubuhi anapaswa kuamua kama ataondoka. Mkoa una teritwari 6. Shambulio la Masisi halifungi barabara ya Butembo kwenda Beni. Shambulio la Oicha linaweza kumfungia njia ya kwenda Eringeti. Na hata jina la teritwari peke yake linadanganya wakati mwingine: Nyiragongo ni volkano na ni teritwari pia, Rutshuru ni teritwari na ni mji mdogo ulio ndani yake. Kichwa kinachosema "Nyiragongo: hofu yatanda" kinaweza kumfanya mtu wa Goma atazame juu mlimani wakati habari ni ya risasi.

Mfano mzuri ni wa Alhamisi tarehe 27 Mei 2021. Siku tano baada ya mlipuko, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Constant Ndima, aliamuru wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za Goma kuhama mara moja. Watu wengi walichukua njia ya Sake, wengine mpaka wa Rwanda. Swali katika kila nyumba lilikuwa moja: kartie yetu imo au haimo? Majengo, Virunga, Bujovu na Murara zilikuwemo. Sasa mtu afikirie kichwa cha aina hii, ambacho si kigeni kwa msomaji yeyote wa Kongo: "Gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, akizungumza Alhamisi asubuhi juu ya hali ya volkano, aomba wakaaji wa baadhi ya kartie kuhama." Google haina kipimo rasmi cha urefu wa kichwa, ila inakikata pale skrini inapoishia, na wahariri wengi hujiwekea mpaka wa herufi kama 60. Katika kichwa hicho, herufi 60 za kwanza zinaishia kwenye cheo cha gavana na siku aliyosema. Kuhama kumekatwa. "Goma: kartie 10 zinazotakiwa kuhama, 27 Mei 2021" ni fupi, inajibu swali lililoulizwa, na mtu anayeikuta leo anajua papo hapo kwamba ni ya volkano ya mwaka ule.

Hapa ndipo penye shida ya kazi yenyewe. Vichwa vingi vya mtandaoni vinaandikwa kwa ajili ya mtu anayepita, yule wa Facebook, ambaye hakuwa akitafuta kitu na anapaswa kushtuliwa ili asimame. Kwa huyo kuna "Utashangaa alichosema waziri" na "Sababu ya kweli yajulikana". Anayetafuta ni mtu wa aina nyingine. Anajua tayari anachokitaka na amekiandika mwenyewe: jina la mahali, jina la mtu, bei, tarehe. Hakuna anayeandika "utashangaa" kwenye Google. Kichwa kinachoficha jambo kinaweza kupata wasomaji wengi kwa siku mbili, kisha habari inazikwa, kwa sababu maneno ambayo watu wangeitafutia hayamo. Mwandishi aliyesafiri hadi Walikale kuuliza wachimbaji anastahili habari yake ipatikane baada ya miezi sita, na kichwa cha kushtua ndicho kinachomnyima hilo.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Katika vichwa tunapenda sana kitenzi chenye "ku-": kufunguliwa, kulipwa, kuanza. Kinapunguza maneno na kinasomeka vizuri. Lakini kinafuta nani kasema, lini, na kwa sharti gani. Tarehe 30 Oktoba 2025, mjini Paris, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba uwanja wa ndege wa Goma, uliofungwa tangu Januari, utafunguliwa katika wiki zijazo kwa ndege za misaada ya kibinadamu. AFC/M23, iliyokuwa ikiushikilia uwanja huo, ilipinga tangazo hilo. Ukiandika "Uwanja wa ndege wa Goma kufunguliwa", hujasema uongo. Lakini mfanyabiashara mwenye bidhaa Kinshasa, au familia yenye mgonjwa wa kusafirishwa, inasoma hapo kwamba ndege zinarudi. "Macron: uwanja wa Goma kupokea misaada tu, AFC/M23 yapinga" inaongeza maneno machache tu na haimpeleki mtu kununua tiketi isiyokuwepo. Wanaoandika kwa Kifaransa wana wakati wa kitenzi wa kuonyesha shaka, na wanautumia kila siku. Kwa Kiswahili shaka hiyo inabidi iwekwe kwa neno, na neno hilo ndilo la kwanza kukatwa mhariri anapotafuta nafasi.

Vivyo hivyo kwa dola. Mwishoni mwa Septemba na mwezi wa Oktoba 2025, franka ilipopanda thamani kwa haraka, "Dola yashuka" ilikuwa kweli karibu kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa kiwango kingine. Bila tarehe na kiwango ndani ya kichwa, habari ya Jumatatu ilikuwa ikimdanganya mnunuzi wa Ijumaa.

Kuna jambo jingine linalogusa moja kwa moja kurasa za Kiswahili za magazeti ya hapa. Google inashauri kichwa cha ukurasa kiwe katika lugha ile ile ya habari yenyewe. Tovuti nyingi za Kongo zilijengwa kwa Kifaransa, na Kiswahili kikaongezwa baadaye kama chumba cha uani. Habari inatafsiriwa, kichwa kinachoonekana kinatafsiriwa, lakini kile kilichofichwa kinabaki kwa Kifaransa, au kinabaki na jina la tovuti peke yake. Hapo mtambo unaona ukurasa wenye lugha mbili zinazogombana. Mkaaji wa Uvira au Kalemie anayeandika swali lake kwa Kiswahili mara nyingi anakutana kwanza na BBC, DW au RFI, ambazo wahariri wao wako mbali na anapoishi yeye. Si kwa sababu wao wanaijua Uvira kuliko mwandishi wa Uvira. Machi 2025, Sauti ya Amerika iliponyamazishwa na serikali yake yenyewe, sauti moja ilipungua katika orodha hiyo, na nafasi iliyoachwa haitajazwa na ukurasa usio na kichwa cha Kiswahili.

Na Kiswahili kipi? Wengine wanaandika "Kivu Kaskazini", wengine "Kivu ya Kaskazini", wengine "Nord-Kivu" hata ndani ya sentensi ya Kiswahili. Watu wanatafuta wanavyosema. Kurundika majina yote matatu katika kichwa kimoja ni kosa, kwa kuwa mashine inaliona kama udanganyifu na msomaji analiona kama ulevi. Inatosha jina moja kwenye kichwa, daima lile lile, na jingine ndani ya aya ya kwanza.

Habari za zamani pia zinaweza kurekebishwa. Kuongeza mwaka kwenye kichwa cha habari ya Novemba 2012 ni kazi ya dakika moja, na haiigusi habari yenyewe. Kinachofanywa na baadhi ya tovuti ni kinyume: wanabadilisha tarehe ya habari ya zamani ili ionekane mpya. Google inakataza mchezo huo, na katika mji wenye vita mchezo huo una jina baya zaidi.

Upinzani wa wahariri haukosi msingi. Matangazo yanalipa kwa idadi ya watu wanaofungua ukurasa, na kichwa kinachojibu kila kitu kinaweza kumfanya msomaji asifungue. Inaonekana wazi kila mwaka wakati wa kusubiri matokeo ya EXETAT. Kurasa zenye kichwa "Matokeo ya EXETAT: bofya hapa" zinatokea kabla ya tokeo lolote kutangazwa, na ndani yake kuna aya tatu juu ya umuhimu wa elimu. Mwanafunzi wa Bukavu ananunua mega, anafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa nne, na mega zinakwisha. Kichwa cha haki kingekuwa "EXETAT, Kivu Kusini: matokeo bado hayajatoka", pamoja na tarehe ya siku hiyo. Tovuti ingepoteza mbofyo mmoja siku ile. Siku matokeo yatakapotoka kweli, mwanafunzi huyo na darasa lake lote watakuwa wanajua waanzie wapi kutafuta.