Gari la Mwenyeji ni Amana

Si ajabu mtu wa Mombasa, Lamu au Malindi kwenda London kumzuru mwanawe au mpwawe aliyelowea huko. Akishafika, mwenyeji kwa ukarimu wake humpa ufunguo wa gari: "Chukua, mjomba, utembee." Mgeni hupokea kwa furaha, kwani Uingereza huendeshwa kushoto kama kwetu, na leseni halali ya kwao humruhusu kuendesha huko kwa miezi 12. Yuaona mambo ni yale yale. Sivyo.

Kwanza, leseni si bima. Mara nyingi bima ya gari kule huwataja wanaoruhusiwa kuliendesha. Jina lako lisipokuwamo, umeendesha bila ya bima, na polisi waweza kulikamata gari. Pili, mwendo hupimwa kwa maili. Sindano ikisoma 50, mgeni hudhani yuatambaa, kumbe ni kilomita 80 kwa saa. Na mitaa mingi ya London mwisho wake ni maili 20.

Tatu ni kodi. Ya kuingia katikati ya mji ilianza Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku, ili kupunguza msongamano, na mwaka 2020 ikafika pauni 15. Ya moshi ilianza 2019, na Agosti 2023 ikaenezwa London nzima, ambapo gari kuukuu lisilotimiza kipimo lilitozwa pauni 12 na nusu kwa siku. Hakuna kizuizi njiani wala askari wa kukusimamisha. Kuna kamera tu, isomayo namba ya gari na kupita kimya.

Je, barua ya faini humwendea nani? Humwendea yule ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake. Mgeni amesharejea, yuko barazani na kahawa yake, akihadithia uzuri wa mto Thames. Huko nyuma mpwawe afungua bahasha. Atamdai mjombake? Heshima yamzuia. Atalipa, anyamaze.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu amekuja, mwenyeji akaugua.

Wako watakaosema kwamba aliyelipa bila kunung'unika amekwisha samehe. Sisi twaonelea kunyamaza si kusamehe. Tumefunzwa chuoni tangu utotoni kuwa amana hurejeshwa kwa mwenyewe kama ilivyopokewa, na gari lililorudi na faini nyuma yake halikurudi lilivyokuwa.

Njia nyepesi ipo. Barabara kuu ya M25, iliyokamilika 1986, yauzunguka mji kwa kiasi cha kilomita 188. Atokaye miji ya mbali na aliache gari pembeni, mfano Epping, iliyo nje ya mpaka wa London na ambayo stesheni yake ina maegesho ya kulipia. Kutoka hapo apande treni za chini ya ardhi, zilizoanza kazi tangu 1863. Hata aendaye kusali Ijumaa katika msikiti wa Regent's Park hushuka Baker Street, akamalizia kwa miguu.

Na asiyekuwa na budi ila kuendesha, aulize habari ya bima kabla ya kushika usukani, na kodi ailipe mwenyewe siku ile ile. Kisha wakati wa kuagana amwambie mpwawe: "Barua yoyote ikija kwa ajili ya safari zangu, nijulishe. Deni ni langu."