Riwaya za Majini na Wachawi: Ni Nani Ampotezaye Mtoto?



Kila izungumzwapo habari ya vitabu wasomavyo vijana wetu, hapakosi mtu barazani atakayesema: "Hivyo ni vitabu vya uchawi, vichomwe!" Na wenzake wakaitikia, "Vichomwe!" Ukimwuliza amesoma kipi, atakujibu kuwa hajasoma hata kimoja wala hana haja, kwani mwenye akili haonji sumu ndipo ajue kuwa ni sumu. Maneno haya ni matamu masikioni, na mimi mwenyewe nimeyasema mara nyingi. Leo nataka kuyapinga, na nitaanza kwa kujishitaki nafsi yangu kabla sijamshitaki mtu mwingine.

Mjukuu wangu, msichana wa miaka 14, alikuwa ameketi ukumbini baada ya alasiri akisoma kitabu cha Kiingereza. Nikaona katika jalada lake picha ya kijana amepanda ufagio anaruka. Nikakitwaa mkononi mwake nikakichanachana mbele ya macho yake. Hakulia. Aliniuliza neno moja tu: "Babu, umekisoma?" Nikamwambia anyamaze, asijibizane na mkubwa wake. Tangu siku ile sikumwona tena na kitabu, nami nikafurahi nikidhani nimemwokoa. Kumbe alikuwa akisoma usiku katika simu, amejigubika shuka, na alichokuwa akikisoma wakati huo kilikuwa kibaya kuliko kile nilichokichana.

Haya niliyajua baada ya miezi mingi, mamake alipokuta katika simu hiyo hiyo maneno ya mtu mzima tusiyemjua. Mtu huyo alikuwa akimwuliza mtoto wetu kila saa yuko wapi, yuko na nani, na kwa nini amechelewa kujibu. Mamake alipomkanya, mtoto akasema: "Ananipenda, ndiyo maana hawezi kutulia bila ya kujua nilipo." Babake alilikata jambo lile mara moja, na alhamdulillahi tuliwahi. Lakini mimi nilijiuliza: fikira hii ameitoa wapi? Na kwa nini katika nyumba iliyojaa wazee asipate hata mmoja wa kumwuliza?

Jawabu ya swali la pili niliijua. Mlango wa kuulizwa niliufunga mimi, siku niliyochana kitabu. Nikamwendea mjukuu wangu nikamtaka radhi, kisha nikamwomba anitajie vitabu alivyosoma. Nikavaa miwani, nikaweka kamusi ubavuni, nikavisoma. Kadhi hatoi hukumu kwa kusikiliza upande mmoja, basi sisi tumepata wapi ruhusa ya kuhukumu bila ya kusikiliza upande wowote?

Cha kwanza ni hicho nilichokichana. Ni hadithi ya Harry Potter, aliyoitunga mwanamke wa Kiingereza, J. K. Rowling, katika juzuu 7, ya kwanza ikitoka mwaka 1997 na ya mwisho 2007. Ndani yake mna vijiti vya uchawi, fagio zirukazo na maneno ya kubuni yenye sauti ya Kilatini. Sihiri ni haramu, na hili halina mjadala. Lakini mtoto hajifunzi sihiri kwa kusoma habari za fagio hizo, kama sisi tusivyojifunza kuruka kwa kusimuliwa habari za zulia la Alfu Lela Ulela. Kiini cha hadithi ni kwingine. Yumo mchawi jeuri, Voldemort, aogopaye kufa. Kwa woga huo anaua watu, anaipasua roho yake vipande vipande na kuificha ndani ya vitu, mpaka hana tena cha ubinadamu kilichobaki. Anayemshinda ni kijana yatima, ambaye mwishowe anakubali kuyaendea mauti kwa miguu yake ili wenzake wasalimike. Sisi tunaoamini kuwa ajali haina kimbilio, tunapata hasara gani mtoto wetu akijua kuwa kuikimbia ajali kwa kudhulumu wengine ni kujiangamiza?

Sisemi hakina ila. Watoto wa kitabu hicho husema uwongo kwa walimu wao na mara nyingi hutoka na tuzo badala ya adhabu. Na skuli yao ina kila somo ila humwoni mtoto akisimama kusali. Hayo yafaa kuelezwa mtoto. Lakini huwezi kumweleza ila ya kitabu usichokisoma.

Na lipo jambo humo lililonitia haya. Katika masomo ya skuli hiyo kuna somo la kubashiri, watoto wakitazama masimbi ya chai kikombeni kujua yatakayokuja. Hermione, msichana mwenye akili kuliko wenzake, analidharau somo hilo, na siku moja anainuka na kutoka darasani. Nilifunga kitabu nikawaza. Majumbani mwetu, akiibiwa mtu bangili, haendi kwanza kwa mpiga ramli? Akichelewa binti kuolewa, hazitazamwi nyota? Pakifunguliwa duka, hapazikwi kitu kizingitini? Mtoto tunayemchania kitabu cha uchawi ndiye tunayemtuma sokoni akanunue kuku wa mganga! Kitabu kinamwambia kuwa hii ni hadithi, mganga anamwambia kuwa hii ni kweli, tena analipwa. Basi niambieni, ni nani ampotezaye mtoto?

Cha pili ndicho alichokuwa akikisoma chini ya shuka. Jina lake ni Twilight, cha Stephenie Meyer wa Marekani, na kilitoka mwaka 2005. Humu hamna vijiti wala fagio. Mna msichana wa miaka 17, Bella, aliyependana na Edward, ambaye ni mumiani wa Kizungu, mnyonya damu aliyezaliwa mwaka 1901 ila sura yake ingali ya kijana. Wako wazazi wanaokisifu kwa kuwa wawili hao hawaingiliani mpaka waoane. Mzazi mmoja aliniambia, "Hicho hakina neno, kina staha."

Ndugu zangu, staha gani hii? Bwana huyu anaingia chumbani mwa msichana usiku bila ya yeye kujua, akakaa akimtazama amelala, na msichana alipokuja kujua hakuona kuwa amevunjiwa heshima, bali aliona amependwa. Tangu mwanzo anamwambia kuwa anaitamani damu yake na huenda akamwua, na msichana anaichukua hatari hiyo kuwa ndiyo ladha ya mapenzi. Katika juzuu ya pili, ya mwaka 2006, Edward anapomwacha, mwandishi anaweka kurasa zenye majina ya miezi tu, kuanzia Oktoba hadi Januari, bila ya neno jingine, kana kwamba msichana akiachwa na mwanamume hana tena maisha ya kusimuliwa. Hajali rafiki, hajali masomo, wala baba aliye naye nyumba moja.

Hapo nikajua mjukuu wangu alikoitoa ile fikira yake. Kitabu hakikumleta yule mtu simuni, lakini kilimfundisha kumpokea. Kilimwambia kuwa anayekuchunga kila saa anakupenda, na kuwa hofu ni aina ya mahaba. Nasi tulikuwa tumeshughulika na ufagio! Tuliangalia kama muna neno uchawi na kama muna zinaa, tukaacha kuuliza lililo kubwa: kitabu hiki kinamfanya mtoto ampende mtu wa namna gani, na atamani kuwa mtu wa namna gani?

Cha tatu ni The Hunger Games, cha Suzanne Collins, pia wa Marekani, kilichotoka mwaka 2008. Ni habari ya nchi ya kubuni yenye wilaya 12. Kila mwaka hupigwa kura katika kila wilaya, akatolewa mvulana mmoja na msichana mmoja, wa miaka 12 hadi 18, nao 24 wakatiwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, huku watu wa mji mkuu wakitazama katika televisheni kama mchezo. Shujaa wake, Katniss, alijitoa badala ya mdogo wake ambaye jina lake lilitoka katika kura. Katika juzuu ya pili, watu wa mji mkuu wanakunywa dawa karamuni ili watapike wapate kula tena, na wilayani watu wanakufa kwa njaa. Ukitaka kumweleza kijana israfu ni nini, mfano huo hatausahau.

Wako watakaokikataa kwa kuwa mna damu. Kweli ina damu, na si hadithi ya mtoto mdogo. Lakini makusudi yake ni kumtia mtazamaji haya. Nami nilipoikumbuka ile tabia yetu ya kupelekeana simuni picha za ajali na maiti, kila mmoja akitaka awe wa kwanza, niliona kuwa mji ule hauko mbali nasi.

Huenda msomaji akasema: "Kwa nini tuhangaike na vya Wazungu? Tuwape watoto vyetu." Vema, lakini viko wapi nyumbani mwako? Shaaban Robert alitutungia Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, kisa chenye asili katika Alfu Lela Ulela. Mna ndugu wawili mahasidi waliogeuzwa manyani kwa nguvu za jini, na ndugu yao akalazimishwa kuwapiga kila usiku hali moyo wake unaungua. Mna majini, mna mji ambao watu wake wamekuwa mawe, na hakuna aliyesema Shaaban Robert anafundisha uchawi. Mwaka 2017 mwanamke Mwislamu wa Marekani, S. A. Chakraborty, alitoa riwaya kwa Kiingereza iitwayo The City of Brass, yaani Mji wa Shaba, jina lijulikanalo tangu zamani katika Alfu Lela Ulela. Si kitabu cha watoto wadogo, lakini yumo ndani yake jini, mwana wa mfalme, aliyeshikamana na sala zake. Majini waliokuwa wakisimuliwa na bibi zetu usiku sasa wanaturudia kutoka Marekani, kwa lugha ya watu, na bei yao juu, kwa kuwa sisi wenyewe tumeacha kuwasimulia.

Basi nawanasihi wazazi wenzangu mambo matatu. La kwanza, usikataze kitabu usichokisoma, na kama huna Kiingereza mwambie mtoto akusimulie. Katika kusimulia utajua alichokipenda. La pili, safisha nyumba kwanza: ramli na tunguri zitoke kabla ya riwaya. La tatu, ukikataza, toa sababu mtoto awezayo kuifahamu, kisha uweke kingine mahali pake, kwani rafu iliyo tupu hujazwa na simu.

Mimi nimemnunulia mjukuu wangu nakala nyingine ya kitabu nilichokichana. Na kila Ijumaa baada ya isha twasoma pamoja Adili na Nduguze, yeye ukurasa na mimi ukurasa. Juzi tulibishana sana: yeye asema ndugu wale hawakustahili kusamehewa, mimi nasema walistahili. Hatujapatana bado. Lakini yale maneno ya yule mtu wa simuni alinihadithia yeye mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, bila ya kuulizwa.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na watoto wetu. Amin.