Tawakali na Bima ya Safari ya Kundi



Ziko jamaa za Kiislamu, hasa za ndugu zetu wanaokaa Ulaya, Marekani na Ghuba, ambazo siku hizi husafiri pamoja katika meli za kitalii. Wazee, wana na wajukuu huchanga nauli, mmoja huteuliwa kuwa kiongozi, na vyumba hukodiwa miezi mingi kabla ya safari. Jambo hilo ni jema, kwani huunga udugu. Lakini kiongozi akitaja bima, mara nyingi hujibiwa: "Sisi ni wengi, tutasaidiana, na juu ya hayo twamtegemea Mwenyezi Mungu." Mwezi huu twapenda kuyapima maneno hayo mawili.

Tuanze na wingi wa watu. Mwezi wa Machi 2024 meli moja kubwa ya kitalii ilifika kisiwa cha São Tomé, katika Ghuba ya Guinea. Abiria wanane walishuka kutembea kisiwani, katika matembezi ambayo hayakupangwa na meli, wakachelewa kurudi. Walipofika, meli ilikuwa ingali imetia nanga, lakini hawakuruhusiwa kupanda. Wakalazimika kuifuata kwa ndege kupitia nchi kadhaa mpaka Gambia. Huko nako maji yakawa yamekupwa, meli isiweze kuingia. Basi wakaenda kwa njia ya nchi kavu mpaka Dakar, Senegal, ndipo wakaipata. Abiria mwingine wa meli hiyo, bibi mzee, alikuwa ameteremshwa kisiwani humo kwa sababu ya maradhi. Walikuwa kundi, lakini wingi wao haukuwaondolea taabu wala gharama.

Sababu yake ni hii: kundi hukodi pamoja, lakini msiba humpata mtu mmoja mmoja. Tuseme jamaa ya watu wanane wamekodi vyumba vinne, na wiki mbili kabla ya safari baba akavunjika mguu. Kwa kanuni za kampuni nyingi, kadiri siku ya safari inavyokaribia ndivyo sehemu ya nauli isiyorudishwa inavyozidi, hata mwishoni hupotea yote. Mama akitaka kwenda peke yake, huenda akatozwa karibu nauli ya watu wawili kwa chumba kile kile. Nani atawalipa? Wanawe wamekwisha kutoa akiba yao yote kwa safari hiyo hiyo. Hapo ndipo ahadi ya kusaidiana hugeuka kuwa deni, na deni likawa ugomvi baina ya ndugu.

Na ugonjwa wa baharini ni mzito zaidi. Daktari wa meli hutoza ada, na bima ya afya ya nyumbani mara nyingi haivuki mpaka. Ile ya wazee wa Marekani, iitwayo Medicare, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya nchi hiyo. Kumrudisha mgonjwa kwa ndege ya matibabu huweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola.

Sasa tuje kwenye tawakali. Nani asiyeijua habari ya yule bedui aliyeambiwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu? Kutegemea si kuacha kufunga. Kweli, wanazuoni wengi wameikataa bima ya biashara kwa sababu ya riba na mambo yasiyojulikana yaliyomo katika mkataba wake. Lakini Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika mkutano wake wa Jeddah wa mwaka 1985, liliikubali bima ya ushirika, ambayo washiriki hutoa michango kwa nia ya kusaidiana. Hiyo ndiyo takaful. Ilianza Sudan mwaka 1979, na Kenya ilipata kampuni yake mwaka 2011. Basi mwenye shaka asikae bure: na amwulize mwanachuoni wake, na aitafute takaful kwanza.

Tena ifahamike kuwa bima hainunuliwi nyumba ikiwa imekwisha shika moto. Inunueni mara tu mtoapo malipo ya kwanza, kwa kuwa kampuni nyingi za Marekani humlinda mwenye maradhi ya zamani ikiwa tu amenunua ndani ya siku 14 au 21 tangu siku hiyo. Msifiche sukari wala shinikizo la damu, maana neno moja la uongo huweza kubatilisha mkataba. Kiongozi aone kwa macho yake kwamba kila jina limeandikwa, hata la mtoto mchanga. Na asomewe kila mtu yale yasiyolipwa, kwani bima nyingi hazimlipi aliyeachwa na meli kwa uzembe wake mwenyewe.

Vijana wetu, ninyi mnaosoma mikataba hiyo kwa wepesi kuliko wazee wenu, kazi hii ni yenu. Msiwaachie wazee wenu watie sahihi wasichokielewa. Mungu awajaalie wasafiri wetu wende salama, na warudi salama wakiwa wangali wanapendana. Amin.