Mchina Amebebeshwa Deni Lisilo Lake Peke Yake

Kwenye baraza za Malindi na Kilifi, deni la taifa lina mkosaji mmoja tu: Mchina. Ndiye aliyekopesha fedha za kujenga reli ya SGR, na ndiye atakayeichukua bandari ya Mombasa Kenya ikishindwa kulipa. Imani hii imeenea, na inawafaa sana waliokopa.

Hesabu zasema vingine. Kufikia katikati ya 2024 deni lilikuwa limepita shilingi trilioni 10, na zaidi ya nusu lilidaiwa humu humu nchini na mabenki, kampuni za bima na mifuko ya pensheni. Kwa wadai wa nje, Benki ya Dunia ndiyo inayoongoza. Wawekezaji wa Marekani na Uingereza nao wamo. Walinunua hatifungani za Kenya mwaka 2014, na Februari 2024 serikali ikakopa tena dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.75, ili kulipia deni lile la zamani.

Pwani penyewe pana mradi wa kilimo wa Galana Kulalu. Mwaka 2014 wakazi wa Kilifi na Tana River waliahidiwa ekari milioni moja za kilimo cha umwagiliaji. Shamba la mfano la ekari 10,000 likapewa kampuni ya Israeli, Green Arava, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa benki ya Leumi. Mwaka 2019 kampuni iliondoka, kazi haijakamilika.

Mchina hakuwamo. Mkopo ulibaki.

Na machungu yanafika mashinani. Ibara ya 214 ya Katiba inaweka malipo ya deni moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa serikali. Ibara ya 219 inataka mgao wa kaunti upelekwe bila kucheleweshwa. Fedha zikiwa haba, mdai hulipwa, nazo kaunti husubiri.

Mei 2022, baada ya kesi ya wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru mikataba ya reli itolewe. Novemba hiyo, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akatoa baadhi yake. China ilidai usiri, na kwa hilo inastahili lawama. Lakini Kenya ilikubali na kutia sahihi. Wabunge na seneta wa Kilifi hawana budi kudai kila mkataba wa mkopo, uwe wa Beijing, Washington au Tel Aviv, usomwe hadharani kabla haujasainiwa.