Unga wa bei ya chini, nani anaupima?

Wandugu, tunapiga kelele juu ya bei ya unga, na tuko na haki. Lakini kuna swali lingine hatujauliza kwa sauti: ndani ya ule unga muko nini?

Mahindi yakivunwa na mvua, yakafungwa mabichi ndani ya magunia, yanaota kuvu. Aina moja ya ile kuvu inatoa sumu inaitwa aflatoksini. Macho hayaioni, na moto wa jikoni hauiwezi: bugali inaiva, sumu inabaki. Ukiila kidogo kidogo miaka mingi, inaharibu ini mpaka kansa, na kwa mutu mwenye epatiti B hatari inazidi sana. Ukiila nyingi kwa siku chache, inaua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa, juu ya mahindi waliyoweka nyumbani. Tanzania ilipata yake mwaka 2016, Dodoma na Manyara.

Shauri tunalopewa ni lilelile: anika juu ya shitingi, si chini kwa udongo, chambua punje zilizooza. Ni shauri zuri, kwa mutu mwenye shamba. Siye wa muji tunanunua unga umekwisha kusagwa. Utachambua nini mule? Na zile punje mbaya zinaendaka wapi? Ni wachache wenye kutupa kitu walicholipia. Zinaenda kwa kuku, kwa pombe, ao zinasagwa na zingine na kuuzwa bei ya chini. Mashine inaficha kila kitu. Kama hakuna anayefuata kile kilichochambuliwa, sumu inahama tu: inatoka kwa sahani ya mwenye pesa, inaenda kwa uji wa mutoto ambaye mama yake ananunua unga wa mwisho wa gunia.

Kipimo kipo. Congo iliingia EAC mwaka 2022, na kikomo cha EAC ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo moja ya mahindi. Hesabu vizuri: gramu moja ya sumu inafikisha tani 100 kwenye kikomo. Hapo ni labo tu. Mwezi wa tatu 2021 Kenya ilikataza mahindi ya Uganda na Tanzania juu ya sumu hii, kisha ikafungua kwa masharti. Ilikuwa afya ao biashara? Mubishane. Siye tunaangalia jambo moja: muzigo unaokataliwa mupaka mumoja unaweza kutafuta mwingine, na Kasindi haiko mbali.

OCC ndiyo yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia, na kazi ile inalipiwa. Basi, iwe Kasindi ao Kasumbalesa, matokeo ya aflatoksini ya kila muzigo yabandikwe sokoni kwa Kiswahili, na tarehe na namba yenyewe. Muzigo ulioanguka uharibiwe mbele ya watu, usirudi kwa mashine. Na isiwe sababu ya kunyang'anya muchuuzi mudogo beseni lake: tunajua vile kontrole inageukaka njia ya kukamua bamama wa soko. Waanze na magari makubwa.

Nanyi wanafunzi wa kilimo na biolojia mulio kati yetu: muulize kwa chuo chenu kama labo iko na kifaa cha kupima aflatoksini. Mutuletee jibu kwa maandishi.