Mwaridi Kando ya Njia: Adhabu au Somo?

Katika shule nyingi za sekondari utakuta vichaka vya maua vimepandwa pande zote mbili za njia itokayo ofisini kwenda kwenye mlingoti wa bendera. Mwanafunzi aliyechelewa hupewa panga na kuambiwa akapunguze maua. Haelezwi akate wapi wala kwa sababu gani. Hufyeka kama afyekavyo nyasi, hutimiza adhabu yake, na baada ya mvua za masika miwaridi hurudi na matawi mengi membamba yaliyosukana, miiba ikiwa imekwisha kula nusu ya njia. Nilipokuwa mwalimu nami niliitoa adhabu hiyo mara nyingi, na sasa naona kwamba nilikuwa nikipoteza somo zima la baiolojia.

Shuleni Mbinga upotevu huo hauna udhuru hata kidogo. Mtoto wa mkulima wa kahawa wa Umatengo ameona tangu utotoni jinsi maotea yanavyoondolewa shinani, matawi makavu yakitolewa, na mti ukiachiwa mashina machache yenye nguvu. Tena anajua kwamba nafasi baina ya mti na mti haikuwekwa kwa kubahatisha. Kahawa ndefu za zamani zilipandwa kwa nafasi ya mita 2.7 hivi kila upande. Ilipotolewa nchini Kenya mwaka 1985 aina fupi iitwayo Ruiru 11, nafasi yake ilipungua hadi mita 2 kwa 2, kwa kuwa nafasi hufuata umbo la mti utakapokomaa. Kosa la bustani zetu ni kwamba hupima mche wa siku ile ya kupanda.

Miwaridi mifupi inayofaa kando ya njia ina historia yake. Maumbile yake ya ufupi na ya kuchanua tena na tena yalitoka hasa katika miwaridi ya China, iliyofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Mmojawapo, mdogo kiasi cha kukaa katika chungu dirishani, ulipatikana Uswisi na kupewa jina la Rouletii mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nao ukawa mzazi wa miwaridi midogo mingi ya leo. Lakini “mfupi” si neno la kuamini bila rula. Mwaridi uitwao mfupi waweza kutanda sentimita 80.

Hapo mwalimu wa hisabati aitwe. Mwaridi wenye upana wa sentimita 80 hufika sentimita 40 kutoka shinani. Ukipandwa sentimita 30 kutoka ukingoni, basi sentimita 10 za miiba zitakuwa njiani, kwenye usawa wa mapaja ya mtu mzima na karibu na macho ya mtoto mdogo aliyekuja kumtazama dada yake. Wanafunzi wawili waliobeba ndoo hawatapishana hapo bila mmoja kuchanika. Mimi ningepanda sentimita 60 kutoka ukingoni, na sentimita 80 hadi 90 baina ya shina na shina. Mwaka wa kwanza bustani itaonekana kama kichwa chenye upara, ivumiliwe.

Nafasi hiyo ni ya hewa pia. Ugonjwa wa madoa meusi, mkubwa kati ya magonjwa ya waridi, huletwa na kuvu ambaye mbegu zake zahitaji jani lililolowa kwa saa saba hivi ndipo zipenye. Majani yaliyobanana hukauka kwa kuchelewa. Aliyewahi kuona chulebuni ikishambulia kahawa wakati wa ukungu na manyunyu hahitaji maelezo marefu.

Sasa kuhusu kukata kwenyewe. Kwa nini tawi lililokatwa ncha hutoa matawi mengine chini yake? Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog walikata ncha za mimea ya jamii ya maharage, wakapaka homoni iitwayo oksini mahali palipokatwa. Machipukizi ya pembeni yakaendelea kulala kana kwamba ncha bado ipo. Ncha, basi, hutawala kwa kemikali. Mwaka 2008 iligunduliwa kwamba kundi jingine la homoni, strigolaktoni, nalo huzuia matawi yasichipue. (Jina hilo limetokana na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kemikali hizohizo zikitoka mizizini huamsha mbegu zake udongoni.) Jaribio la Thimann na Skoog hata bila oksini lafaa shuleni: kata ncha ya mimea mitano ya maharage, acha mitano mingine, hesabu machipukizi kila siku.

Nisilaumu panga kupita kiasi. Chama cha waridi cha Uingereza kilifanya majaribio mwishoni mwa karne ya 20, na miwaridi iliyokatwa kwa mashine ya kukatia ua ikachanua vizuri kama ile iliyopogolewa kwa uangalifu. Mashine ile, hata hivyo, hukata. Panga butu hupasua. Wala fyeko halimwonyeshi mwanafunzi jicho lielekealo nje, ambalo likikatiwa juu yake kidogo litapeleka tawi mbali na njia, wala tawi kavu la katikati linalopaswa kutolewa. Mkasi mmoja mkali watosha kwa darasa zima.

Limebaki suala la majira. Vitabu vya Ulaya huagiza kupogoa baridi kali inapokwisha, nasi hatuna baridi ya namna hiyo. Mwaridi usiopumzika humpa mtunzaji uhuru wa kupanga tarehe. Hapa pana jaribio ambalo ningependa shule mbili zilifanye. Mbamba Bay ipo ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbinga uko juu zaidi kwa mita zipatazo 800 au zaidi. Kwa kuwa joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi kila tupandapo mita 100, tofauti ni nyuzi zipatazo tano. Shule zote mbili zipogoe aina moja ya mwaridi katikati ya Agosti, zimwagilie sawasawa, ziandike siku ya chipukizi la kwanza na siku ya ua la kwanza. Maua hutarajiwa baada ya wiki sita hadi nane, na ukandani huenda yakatangulia. Mahafali ya kidato cha nne yakiwa Oktoba, Mbinga itajua mwakani ianze siku ngapi mapema. Na aliyechelewa asubuhi hiyo apewe kazi nyingine.